Chokaa Huzikwa: Safari Yangu na Fundi Karsan hadi Usumbura

Ndugu zangu wa Ujiji, nimerudi na mmenichosha. Kila nikipita sokoni mtu ananishika mkono na kuniuliza, "Hamisi, ni kweli mlitaka kumzika mtu mzima?" Mwingine ananiuliza kama Banyani alifungwa kamba. Mwingine amesikia kwamba mimi ndimi niliyefungwa. Yote yana ukweli kidogo, lakini mmeyapanga vibaya. Basi nimekaa chini na kalamu ili niyaeleze mara moja tu. Habari za vibali na mihuri naziruka. Mnazijua, na hazijawahi kumchekesha mtu.

Kutoka Ujiji hadi Rumonge

Wengi wenu mlimwona Fundi Karsan siku tulipoondoka, yule Banyani, Mhindi wa Kachi, mwenye kilemba chekundu na masharubu ya kukunja. Bwana mkubwa wa boma la Usumbura alikuwa amemwita. Mvua za mwaka huu zilikuwa zimeliangusha lango la boma, si mara moja bali mara mbili, na mkubwa wake mwenyewe alikuwa njiani kutoka pwani kuja kukagua. Barua ilisema lango lisimame kabla ya mwezi kuandama mara ya pili, na fundi asipofika kwa wakati ataletwa kwa minyororo pamoja na msaidizi wake. Msaidizi ni mimi. Nilichaguliwa kwa sababu mbili: najua kupiga lipu, na mama yangu ni mtu wa Rumonge, kwa hiyo Kirundi nimekinyonya.

Tulipanda mashua ya tanga moja tukiwa na mitungi mitatu ya chokaa iliyoiva, mwiko, nyundo, na timazi yake, ile kamba yenye risasi nzito inayoning'inia kumwonyesha fundi kama ukuta umenyooka. Timazi hiyo aliivaa shingoni kama hirizi. Alichukua pia sufuria zake, kwa sababu Banyani hali katika chombo cha mtu mwingine.

Hatujapita hata rasi ya kwanza, Karsan akawa rangi ya jani la mgomba.

"Hamisi," aliniambia, ameshika ubao kwa mikono miwili, "ziwa hii kubwa kuliko ngome yote ya Uhindi. Na hapana ukuta hata moja ya kushika!"

Nilitafuta la kumsahaulisha, nikamuuliza kuhusu hizo ngome. Hapo ndipo nilipogundua dawa yake. Mtu aliyekuwa akitapika alikaa wima, akapangusa masharubu, akaanza kujenga kwa mikono hewani. Alinieleza ngome ya kwao Buj, juu ya kilima chenye hekalu la nyoka, ambako babu yake alijenga mnara. Akanieleza ngome ya jangwani iliyojengwa kwa mawe ya manjano bila chokaa, jiwe limeshikwa na jiwe kama meno ya juu na ya chini. Akanieleza Golkonda, huko kusini, ambako mlinzi akipiga kofi chini ya kuba la lango, mfalme aliye juu kilimani anasikia.

"Kofi moja?" niliuliza.

"Moja! Fundi alijua sauti inapita wapi, kama wewe unajua maji inapita wapi."

Akapiga kofi kunionyesha. Mashua ikayumba, akashika ubao, akawa kijani tena. Nikamuuliza haraka kuhusu milango. Akaniambia milango yao ina miiba ya chuma mirefu kama mkono, kwa sababu adui alikuwa akileta ndovu kuisukuma, na njia ya kuingilia hupindwa ili ndovu asipate nafasi ya kukimbia. Hivyo ndivyo tulivyofika Rumonge, kwa siku tatu na ngome saba.

Rumonge

Rumonge tulishukia kwa mama yangu mdogo, Zena. Alifurahi kuniona hata akaanza kulia, kisha akakimbilia jikoni. Mnajua samaki wa Rumonge. Alituletea mukeke mnene ndani ya mawese, mwekundu, ananukia mpaka barabarani, na juu yake amenyunyiza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakavu kwa heshima ya mgeni.

Karsan akakunja mikono kifuani na kuinamisha kichwa.

"Anaomba dua?" mama mdogo aliuliza.

"Hapana, mama. Hali samaki."

"Hali samaki! Basi nimchinjie kuku."

"Kuku pia hali."

Mama mdogo alikaa chini polepole. "Mwanangu, huyu mtu ni mgonjwa?"

Karsan mwenyewe akajaribu kumtuliza. "Mama, chakula yako nzuri sana. Lakini mimi hapana kula kitu na macho."

Basi mama mdogo akampikia maharage. Maharage yakawa mazuri, ila aliyakoroga kwa mwiko uleule wa samaki, na Karsan akaona. Yakapikwa ya pili. Mara hii Karsan aliomba apike mwenyewe, akateremka ufukweni kusugua sufuria yake kwa mchanga, na nusu ya Rumonge ikamfuata kumtazama mwanamume anayesugua sufuria. Kila aliposugua, watu walisema "eee!" Yeye akadhani wanamsifu, akasugua zaidi.

Mashua yetu ilikuwa inarudi Ujiji, kwa hiyo tukatafuta mtumbwi mkubwa na wapiga kasia sita. Kiongozi wao aliitwa Bukuru, mrefu, kifua kipana, mtu wa maneno machache. Kiswahili cha hao sita kilitosha kuombea chumvi tu, hivyo mimi nikawa mkalimani. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mchana ule tulikuwa tunakula sote uani kwa mama mdogo. Bukuru akataka kujua kwa nini boma limeita mtu kutoka mbali namna ile. Karsan akafurahi kuulizwa, akaanza tena ngome zake. Akasimulia ngome moja ya milimani, ukuta wake ukijengwa mchana unaanguka, ukijengwa unaanguka, mpaka mtawa mmoja akajitolea mwenyewe azikwe chini ya lango, na hapo ukuta ukasimama. "Hadithi ya zamani sana," alisema, "wazee wanasema tu." Nikatafsiri. Nadhani niliongeza chumvi kidogo kwenye kuzikwa, kwa sababu wapiga kasia walikuwa wameacha kutafuna, na nyinyi mnanijua: nikiona watu wameacha kutafuna siwezi kujizuia.

Kisha Karsan akahamia kwenye chokaa. Chokaa ya kujengea, alieleza, huzikwa shimoni siku ishirini, ikatoka laini kama siagi. Wakati huo mdomo wangu ulikuwa umejaa kitoke, ndizi ya kupikwa, cha moto, sikutafsiri.

Bukuru akauliza kwa Kirundi, "Na huyu, bado anazika?"

Nikamuuliza Karsan kwa Kiswahili, "Anasema, bado unazika?"

"Ndiyo!" alisema Karsan, uso unang'aa. "Kila mahali. Bila kuzika, ukuta inaanguka. Usumbura lazima zika nyingi. Nataka nzuri, nene, nyeupe."

Nami nikameza kitoke na kutafsiri: "Anasema ndiyo, kila mahali. Bila kuzika ukuta unaanguka. Usumbura atazika wengi, na anataka wazuri, wanene." Nyeupe niliiacha, maana ilionekana haina maana. Neno chokaa halikutoka mdomoni mwangu hata mara moja.

Wapiga kasia waliacha chakula kikapoa. Nikadhani wamevutiwa.

Gatete

Gatete si mbali na Rumonge. Tulishukia hapo kwa sababu Karsan alitaka magamba ya konokono wa ziwani, ambayo yakichomwa hutoa chokaa safi. Tulikuta kijiji kitupu. Si kwamba watu walikuwa shambani. Vyungu vilikuwa vinachemka na hakuna wa kuvitazama. Mbuzi alikuwa anakula mkeka wa mtu. Niliita salamu, "Amahoro! Amahoro!" mpaka sauti ikakauka. Nyuma ya migomba nikaona macho, kisha sikuyaona.

"Watu ya hapa wanafanya kazi sana," Karsan alisema. "Hapana mtu nyumbani."

Alikuwa na furaha siku hiyo, ardhi ikiwa imetulia chini ya miguu yake. Akatoa timazi na kuanza kupima kila kitu, kama afanyavyo akifurahi. Akapima mchikichi, ukawa umepinda. Akapima nguzo ya nyumba, imepinda. Kisha akamwona Bukuru amesimama kando ya mtumbwi na kasia lake, akainua timazi mbele ya jicho moja, akapima kuanzia kisogo hadi kisigino.

"Huyu!" alipiga kelele kwa Kiswahili ambacho hata mtu wa chumvi angekielewa. "Huyu amenyooka sana! Huyu anafaa lango!"

Ndugu zangu, sijawahi kuona mtu mkubwa kiasi kile akiruka kiasi kile. Bukuru aliingia ziwani bila kuvua nguo, na wale watano wakamfuata kama vyura. Waliibukia mbali, vichwa sita, wananitazama kwa chuki.

"Wanaoga?" Karsan aliuliza.

Nilianza kuhisi kwamba kuna jambo, lakini sikulijua bado. Tukabaki wawili na mtumbwi wa watu wanane. Karsan akasema mtu anayejenga mnara hashindwi na kasia, akapiga upande wake, nikapiga wangu, na mtumbwi ukazunguka mahali pamoja kama jiwe la kusagia. Vile vichwa sita vilianza kucheka majini. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichotuokoa, pamoja na hofu ya askari wa boma wakisikia kwamba fundi ameachwa njiani.

Bukuru akaogelea karibu na kutoa masharti yake. Watatupeleka. Lakini Banyani akae mbele kabisa, atazame mbele, asigeuke kumtazama mtu yeyote. Na ile kamba yenye risasi ampe yeye, Bukuru.

Niliomba nielezwe kwa nini. Hapo ndipo Bukuru aliponirudishia maneno yangu mwenyewe ya Rumonge, neno kwa neno. Nikakikumbuka kile kitoke.

Nikaeleza. Nikasema chokaa, chokaa, nikafungua mtungi, nikaonyesha. Bukuru akanisikiliza mpaka mwisho.

"Juzi ulisema watu," alijibu. "Leo unasema unga. Kesho utasema nini?"

Kwa Karsan sikuthubutu kusema kitu. Nilimwambia tu kwamba mtumbwi utatulia akikaa mbele. Akakaa siku mbili kama sanamu, akisifia mandhari.

Magara

Habari ilitupita njiani, sijui kwa miguu gani. Tulipokaribia ufuko wa Magara tuliona wanaume wenye makasia wamejipanga majini hadi magotini, na nyuma yao wanawake wenye nyungo za ndagala. Hakuna aliyekimbia. Hilo lilinitisha kuliko Gatete.

Mbele yao alisimama mwanamke wa makamo, mfupi, mabega ya mtu anayebeba. Jina lake Nahimana. Alikuwa akinunua samaki kwa wavuvi na kuwauzia wapita njia, kwa hiyo Kiswahili cha pwani ya ziwa alikijua.

Nikafungua mdomo kumsalimu. "Amahoro, mama. Mimi ni mwana wa Rumonge, na nitaku..."

"Wewe nyamaza," alisema. "Wewe iko na mudomo mubaya, tumesikia. Nitamuuliza mwenyewe."

Akamgeukia Karsan. "Wewe mutu, watu wetu kumi na moja iko Usumbura. Askari walikuja kuwachukua wabebe mawe ya hilo lango lako. Mudogo wangu Miburo iko kati yao. Unataka kuzika nani?"

Karsan alinitazama, akamtazama, akatazama makasia. Basi nikashuka majini, nikasema yote, mbele ya watu wote, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, ili asibaki mtu wa kutafsiriwa: hadithi ya zamani, kitoke mdomoni, chokaa niliyoimeza. Nikasema kosa ni langu, si lake. Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Kumi na moja ni wengi kwa ufuko mdogo kama ule.

Karsan alipoelewa, alishika kilemba kwa mikono miwili. "Hamisi! Watu yote ya ziwa wanafikiri mimi ni fisi?"

"Si wote, fundi. Wa kusini tu."

Hapo mwanamke mmoja nyuma akaguna kicheko, na mwingine. Lakini Nahimana aliinua mkono. "Maneno tumesikia ya kutosha. Ujenge hapa, tuone unatia nini."

Pale Magara, njia ya kupandia kutoka majini ni ukingo wa udongo mwekundu, na mvua ikinyesha wanawake huanguka na nyungo zao. Nahimana akamwonyesha huo. Karsan alipanda, akashuka, akaanguka, akainuka amechafuka mpaka masharubuni, na macho yake yakawa yanang'aa.

"Ngazi," alisema. "Siku tatu. Nipe timazi yangu."

Zilikuwa siku tano. Siku ya kwanza watu wote walisimama kumlinda. Alipofungua mtungi wa chokaa, Nahimana alichovya kidole na kukinusa. "Hii ndiyo ulizika? Ni kama ugali." "Usile, mama!" tulipiga kelele wote wawili. Siku ya pili walinzi walianza kumpa mawe, kwa sababu mtu hawezi kumtazama mwenzake akifanya kazi bila kutaka kumwelekeza. Siku ya tatu Bukuru alikuwa ameshika mwiko. Siku ya nne walitaka ngazi ziongezwe upana ili wanawake wawili wapishane na nyungo, na Karsan, ambaye boma lilikuwa likimhesabia siku, akabomoa upande mmoja na kuongeza.

"Fundi, tutafungwa," nilimwambia.

"Ngazi nyembamba ni aibu," alisema. "Minyororo si aibu."

Alikula maharage ya Nahimana, yaliyopikwa katika chungu kipya na mwiko mpya, na Nahimana alikaa mbele yake kuhakikisha anamaliza. Mchana mmoja akamwomba amsimulie ngome zake. Mimi niliamriwa kukaa kando nimefunga mdomo. Akasikiliza ndovu, miiba, kofi la Golkonda. Kisha akauliza:

"Na hao waliojenga, walilala wapi? Ndani?"

Karsan aliweka sufuria yake chini. "Nje," alisema. "Babu yangu alijenga mnara. Lango ikifungwa jioni, yeye yuko nje."

Nahimana akachukua mwiko. Alimwongezea maharage.

Asubuhi tulipoondoka, wanawake walipanda na kushuka zile ngazi bila mzigo wowote, kwa raha tu, mpaka tukawapoteza machoni. Nahimana alishika ukingo wa mtumbwi.

"Tumeona," alimwambia Karsan. "Lakini mimi bado nitakuja. Siku lango linasimama, nitakuja kuhesabu watu wangu."

"Njoo, mama," alisema Karsan. "Hesabu."

Kabezi

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu bado naona haya. Habari ilikuwa imetupita tena, ila sasa imegeuka. Kabezi walisikia kwamba kuna Banyani ambaye ukimzuia njiani anakujengea kitu. Hatukufika hata ufukoni: mitumbwi minne ilituzunguka, na mzee mmoja mchangamfu akamfunga Karsan kamba kiunoni, kwa adabu kabisa, akimwomba radhi kila anapokaza fundo, na kumwambia kwamba wao wanahitaji daraja.

Bukuru ndiye aliyetutoa, si mimi mkalimani. Alisimama mtumbwini na urefu wake wote, akawaambia kwamba boma likikosa fundi litakuja kuchukua watu wa Kabezi badala yake. Kamba ikafunguliwa, kwa adabu ileile. Tulipewa ndizi mkungu mzima. Karsan akaahidi daraja, na nasikia baadaye alirudi kweli kuchagua mawe.

Usumbura

Tulichelewa siku tisa. Bwana mkubwa alitupokea uani mwa boma, Mzungu mwekundu, fimbo mkononi. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha kitabuni, na hilo lilifanya hasira yake isikike kama hotuba. Nyuma yake lango lilikuwa rundo la matofali na matope, na watu waliobeba mawe walipita wamekonda, midomo imekauka, askari na kiboko nyuma yao. Furaha yote ya njiani ilinitoka.

"Kwa nini nisiwatie gerezani?" aliuliza.

Nilifungua mdomo. Karsan akanikanyaga mguu.

"Bwana mkubwa," alisema, "mimi nilikuwa nafikiri. Lango yako ndogo. Uhindini, lango ya mfalme iko hivi." Akaanza. Akamjengea hewani miiba ya chuma, njia ya kupinda, kuba la kofi moja. Fimbo ikashuka taratibu. Baada ya robo saa bwana mkubwa alikuwa anatembea nyuma yake akipiga makofi huku na huku kusikiliza.

"Nataka na hiyo miiba," alisema.

"Ya ndovu, bwana mkubwa."

"Ndiyo. Nataka."

"Hapana ndovu ya vita hapa."

"Fundi, mkubwa wangu hajui."

Kisha akatoa daftari na kuuliza swali ambalo, nadhani, lilikuwa linamnyima raha tangu lango la kwanza lianguke. "Ngome zenu zimesimama mamia ya miaka. Langu halikumaliza masika. Siri ni nini?"

Karsan alitazama wale wabeba mawe. Akakunja masharubu.

"Siri ni mkono," alisema. "Mkono na njaa inatetemeka. Jiwe inakaa vibaya, huoni leo, mvua inaona. Uhindini mjenzi anakula mara mbili, anapumzika jua ikiwa juu. Na kiboko hapana kabisa. Chokaa mbichi ikisikia kiboko, inapasuka."

Bwana mkubwa aliandika yote. Alirudia kwa sauti: "Inapasuka."

Tulipokuwa peke yetu nikamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa kweli kwao.

"Hapana," alisema Karsan, akapima ukuta na timazi, "lakini babu yangu angependa."

Basi toka kesho yake wabeba mawe walikula mara mbili na kupumzika adhuhuri, kwa amri ya boma na kwa faida ya chokaa. Askari waliacha viboko ndani na kutembea karibu na ukuta kwa ncha za vidole. Miburo, mdogo wake Nahimana, kijana mpole anayeweza kulala popote pale, alijifunza kupaka lipu kwangu. Lango lilipanda. Lilikuwa zuri, sitaficha, lenye kuba nene na upindo mdogo ndani. Miiba nayo iliwekwa, na mbuzi wakaifanya ya kujikunia.

Siku ya kufungua, mkubwa wa kutoka pwani alikuwa bado yuko njiani, na bwana mkubwa wetu alisimama peke yake chini ya bendera, koti limefungwa mpaka kidevuni, akiwatazama askari wake kumi na wawili na mbwa. Hapo ndipo tulipoona mitumbwi. Minane, kutoka kusini, imejaa watu. Nahimana alikuwa wa kwanza kushuka.

Hakumsalimu mtu. Walipanda hadi langoni, akasimama katikati, akaanza kuita majina. Aliyeitwa alitoka kwenye mstari wa wafanyakazi na kusimama upande wake. Mmoja. Wawili. Kila mmoja aliguswa bega kama samaki anayepimwa. Saba. Nane. Tisa. Kumi.

"Miburo," aliita.

Hakutoka mtu.

"Miburo!"

Nikatazama huku na huku. Ningeapa nilimwona asubuhi. Nahimana akatazama chini ya lango, pale chokaa ilipokuwa bado na unyevu. Kisha akamtazama Karsan, na Karsan akawa rangi ile ya jani la mgomba, akiwa nchi kavu. Wanaume wa Magara walianza kusogea. Bukuru, ambaye alikuja nao, alifumba macho.

Karsan akafanya jambo moja tu. Alikwenda chini ya kuba, akapiga kofi.

Sijui la Golkonda lilivyo. Hili lililia kama bunduki. Juu kabisa ya lango, nyuma ya ukingo wa mwisho, mtu aliguna, akapiga chafya, na kichwa chenye lipu mpaka kwenye nyusi kikachungulia.

"Nani ananiita?" aliuliza Miburo.

Wanawake walipasuka kwa vigelegele. Watu walikumbatiana na kurushiana kilemba cha Karsan. Nahimana alimshusha mdogo wake kwa sikio moja, akalia na kumtukana kwa pumzi ileile.

Bwana mkubwa alikuwa amesimama palepale, ameguswa mpaka shingo imemwiva. Kwa macho yake, mitumbwi minane ilikuwa imekuja kutoka mbali kulishangilia lango lake. Akaniita kando.

"Wanasema nini?"

Safari hii mdomo wangu ulikuwa mtupu, na nilifikiri kabla ya kuufungua.

"Wanasema wametimia, bwana mkubwa. Wote."

Alipeleka mkono kwenye kofia, akawapigia saluti. Kisha, kwa kuwa moyo wake ulikuwa mwepesi, akasema watu hawa waaminifu wa Magara waruhusiwe kwenda na ndugu zao siku ileile, na askari wakafungua daftari na kuwafuta.

Karsan alibaki kujenga ghala. Aliniaga kwa kunikunjia mikono kifuani kama alivyomfanyia mama mdogo, kisha akaniambia nisile nikitafsiri. Nilipanda mtumbwi wa Nahimana kurudi kusini. Upepo ulikuwa mzuri, watu walikuwa wanaimba, Miburo alikuwa amelala tena juu ya nyavu. Tulipofika majini, mbali na boma, Nahimana aligeuka akaanza kuwahesabu upya, polepole, kwa kidole. Alifika kumi na moja. Kidole kikabaki hewani kidogo, kikanigeukia mimi.

"Kumi na mbili," alisema, akanipa kasia.